Kuboresha shabaha ya bunduki ya zamani ya jeshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayemiliki kihalali bunduki ya zamani ya jeshi, iwe Mosin-Nagant, Lee-Enfield, Mauser, K31 au Garand, na anataka ipige pale anapoilenga. Yamepangwa kufuata kazi inavyokwenda: kwanza kupima, kisha mtutu, risasi, ubao, triga na vilengeo, halafu hali za pekee. Humu "risasi" ni kitu kizima kinachoingia chemba, "kichwa" ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na "ubao" ni mbao inayoshika chuma cha bunduki.

## Kabla ya kugusa chochote

Bunduki ya miaka 80 iliyopita inaweza kupiga vizuri kiasi gani?

Vizuri kuliko wengi wanavyodhani, ingawa si kama bunduki ya mashindano ya leo. Bunduki ya kawaida ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye mtutu mzima na risasi za jeshi, huweka risasi zake ndani ya dakika 3 hadi 4 za pembe. Dakika moja ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwa umbali wa mita 100 ni kama milimita 29. Kwa hiyo tunazungumzia duara la sentimita 9 hadi 12. K31 ya Uswisi na Mauser m/96 ya Uswidi zina sifa ya kukaza zaidi, na nyingi hufika dakika 2 bila kuguswa.

Inafaa kukumbuka majeshi yenyewe yalipataje bunduki za wadunguaji. Waingereza walichagua Lee-Enfield No. 4 zilizopiga vizuri kiwandani, wakazipeleka kwa Holland & Holland zikatengenezwe na kufungwa darubini. Wasovieti nao walichagua zile Mosin 91/30 zilizoshinda wenzake kwenye majaribio. Hapakuwa na vipuri vya ajabu. Walitafuta mtutu mzuri, ubao unaokaa sawasawa na risasi zinazofanana, na mpaka leo hakuna njia iliyoishinda hiyo.

Nikague nini kabla ya kufyatua mara ya kwanza?

Hakikisha haina risasi, toa bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), na uangalie mwanga kupitia mtutu. Kizuizi chochote, hata grisi nzito ya ghalani, lazima kitoke kwanza. Grisi hiyo hujificha ndani ya chemba, ndani ya bolti na chini ya ubao. Ikibaki ndani ya bolti hupunguza kasi ya pini inayogonga risasi. Ikibaki chembani hukauka na kung'ang'ania maganda, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya bolti ya Mosin kugoma kufunguka baada ya risasi kadhaa.

Kisha pima nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda. Fundi bunduki ana geji za kazi hii: bolti ikifunga juu ya geji ya mwisho, bunduki haifyatuliwi hadi itengenezwe. Kwenye Lee-Enfield No. 4 kichwa cha bolti hubadilishwa, nacho kina namba kuanzia 0 hadi 3, kila namba ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Usichanganye bolti ya bunduki moja na mwili wa nyingine bila kupima. Maganda yaliyofyatuliwa nayo husema: mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako ni dalili kwamba ganda liko karibu kukatika.

Nitajuaje kama tatizo ni bunduki au ni mimi?

Mwondoe mtu kwenye hesabu kadiri inavyowezekana. Kaa mezani, weka sehemu ya mbele ya ubao juu ya mfuko wa mchanga na kitako juu ya mwingine, na usiuegemeze mtutu wenyewe popote. Tumia shabaha yenye duara jeusi lililo wazi juu ya karatasi nyeupe, kubwa kiasi kwamba kilengeo cha mbele hakilifuniki. Jicho litazame kilengeo cha mbele. Duara likiwa na ukungu kidogo si neno.

Mwombe mlengaji mwingine mzoefu afyatue bunduki hiyohiyo kwa risasi zilezile. Kundi lake, yaani eneo ambalo matundu yametawanyika, likiwa dogo kuliko lako kwa tofauti inayoonekana, fanya mazoezi kwanza. Hakuna epoksi wala triga itakayoziba pengo hilo.

Nifyatue risasi ngapi ndipo niamini kundi?

Tatu hazitoshi. Bunduki mbovu ikipata bahati huweka risasi tatu mahali pamoja, na bunduki nzuri huweza kutoa kundi baya la tatu. Fyatua kumi kwenye karatasi moja, au makundi kadhaa ya tano uyatafutie wastani, na usiitupe karatasi mbaya kwa kisingizio kwamba "ile moja ilinitoka". Pima kutoka katikati ya tundu la mbali kabisa hadi katikati ya lililo mbali nalo zaidi. Andika aina ya risasi, hali ya hewa na ulichobadilisha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watu hulowesha mtutu dawa, hukaza skrubu, hununua risasi mpya na kung'arisha triga, yote wikiendi moja; kundi likipungua hawajui nini kimesaidia, na likiongezeka hawajui nini cha kurudisha.

## Mtutu

Mtutu wangu ni mweusi ndani. Umekufa?

Si lazima. Weusi huweza kuwa masizi ya miongo mingi juu ya shaba, na chini yake mifereji, ile michirizo inayokizungusha kichwa, ikawa bado na kingo kali. Mtutu wenye vidimbwi vidogo vya kutu mara nyingi hupiga vizuri, ila huchafuka upesi. Kinachoua shabaha ni mifereji iliyolika ikawa ya mviringo, hasa sentimita chache za mwisho kwenye mdomo.

Usiuhukumu mtutu kabla ya kuusafisha mpaka chini. Pitisha dawa ya kuyeyusha masizi kwa brashi, futa, kisha tumia dawa ya shaba yenye amonia. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, shaba bado ipo. Rudia hadi kitoke cheupe, bila kuzidisha muda ulioandikwa kwenye chupa. Bunduki ambayo haijawahi kusafishwa hivyo inaweza kuhitaji siku kadhaa. Ingiza mdeki (ufito wa kusafishia) kupitia upande wa chemba kila inapowezekana. Kwa Garand, ambayo hairuhusu, tumia kilinda mdomo ili mdeki usiguse kingo.

Hatua hii pekee imeokoa bunduki nyingi ambazo wenyewe walikuwa tayari kuziuza.

Nitapimaje uchakavu wa mdomo wa mtutu bila vifaa vya kiwandani?

Chukua risasi ya bandia, yaani ganda lenye kichwa lakini lisilo na baruti wala fataki ya kuiwasha. Bolti ikiwa imetolewa, ingiza kichwa kwenye mdomo wa mtutu taratibu. Kama mdomo ni mzima, kichwa hukwama na sehemu yake bado inaonekana kati ya mtutu na shingo ya ganda. Kama ganda lenyewe linakaribia kugusa mdomo, mifereji imelika. Mara nyingi chanzo ni mideki ya chuma iliyoingizwa kutoka mbele na askari waliolazimika kusafisha upesi. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, kwa sababu umbo la vichwa hutofautiana, lakini kinatosha kukuambia kama uendelee kutafuta hapo.

Nifanyeje kama kingo za mdomo zimeumia?

Kichwa kinapotoka, gesi inayokifuata inapaswa kukiachia pande zote kwa wakati mmoja. Mchubuko mmoja huifanya gesi itoke mapema upande huo na kukisukuma kichwa kando. Ndiyo maana jeraha lisilozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta hukupanulia kundi zima.

Michubuko midogo inasawazishwa kwa skrubu ya shaba nyeupe yenye kichwa cha duara, iliyopakwa mchanga wa kusagia na kufungwa kwenye drili inayozunguka polepole. Ziba mtutu kwanza kwa kitambaa sentimita chache ndani ili mchanga usiingie. Zungusha mkono wako huku drili ikienda, usikae pembe moja, na usimame mara tu unapoona mkufu mwembamba unaong'aa wenye upana ule ule kuzunguka tundu lote. Jeraha likiwa kubwa, fundi mwenye mashine ya kukerezea aukate mdomo upya.

Mdomo wa mtutu wangu umepanuliwa kwa ndani. Ni kasoro?

La, ni matengenezo. Katika ghala za jeshi, hasa za Mosin, mdomo uliolika ulitobolewa upana zaidi kwa sentimita kadhaa hadi pale mifereji mizima ilipoanzia. Kwa nje bunduki inabaki na urefu wake, na kilengeo cha mbele hakihamishwi. Ikifanywa kwa unyoofu, hupiga vizuri sana. Safisha ule upana kwa makini, maana uchafu hukusanyika pale kwenye ngazi.

Risasi za zamani za jeshi zinaharibu mtutu kweli?

Baruti yenyewe haina shida. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu hewani. Kutu huweza kuanza siku ileile. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huyeyusha. Baada ya kufyatua, mimina maji ya moto kupitia chemba, sugua uso wa bolti, kausha vizuri, kisha paka mafuta, na ukague tena kesho yake. Kwenye bunduki zinazojipakia kwa gesi ya risasi, kama SKS, chumvi hufika pia kwenye pistoni na silinda. Dawa ya vioo yenye amonia ambayo watu husifia husaidia kwa sababu ya maji yaliyomo. Chumvi haijali amonia.

Risasi nyingi za akiba za 7.62x54R, zile za Mosin, zina fataki hizi. GP11 ya Uswisi haina. Ukiwa na shaka, chukulia kwamba zina.

## Risasi

Je, kubadilisha risasi kunaleta tofauti kubwa kiasi hicho?

Ndiyo, kuliko kitu kingine chochote utakachofanya baada ya kusafisha. Ningekuwa na kiasi cha pesa cha kutumia mara moja tu, ningenunua aina nne za risasi, makasha mawili ya kila moja, kabla ya kugusa skrubu.

Anza na risasi inayokaribia ile ambayo vilengeo na mifereji vilitengenezewa. Mifereji ya Mauser ya Uswidi ya 6.5x55 huzunguka mara moja kila milimita 200, ambao ni mzunguko wa haraka, kwa sababu ilibuniwa kwa kichwa kirefu cha gramu 10.1. K31 inapenda GP11 yenye kichwa cha gramu 11.3. Ukiipa bunduki ya namna hiyo kichwa chepesi sana, inaweza kufyatua vizuri, lakini itapiga mahali pengine kabisa na mara nyingi kwa kutawanya.

Kwa nini bunduki zenye kaliba moja zinataka vichwa vya vipimo tofauti?

Kwa sababu kaliba kwenye jina na upana halisi wa mtutu si kitu kimoja, na wakati wa vita viwanda viliruhusu tofauti kubwa. Mitutu ya .303, kaliba ya Lee-Enfield, hupatikana kuanzia karibu inchi 0.311 kati ya mifereji hadi zaidi ya 0.314. Mosin nazo zina upana kama huo. Kichwa cha 0.308 ndani ya mtutu wa 0.314 hakishiki mifereji ipasavyo, gesi hupita pembeni, na shabaha inakuwa ya kubahatisha.

Ili kujua upana wako, chukua kipande cha metali laini ya plumbi kikubwa kidogo kuliko tundu, paka mafuta mtutu, kigonge taratibu kipite mtutu mzima kwa ufito wa mbao au shaba, kisha kipime kwa mikromita. Mtutu wa mifereji mitano, kama wa Lee-Enfield nyingi, unasumbua hapa: mfereji hautazamani na mfereji mwenzake, hivyo kipimo cha kawaida hukupa namba ndogo kuliko ukweli. Mwachie fundi mwenye kifaa cha pembe tatu.

Nijaze risasi zangu mwenyewe?

Mahali sheria inaporuhusu, ndiyo, na kwa kaliba zilizokwisha madukani ni karibu lazima. Faida kubwa ni kwamba unachagua kichwa kinacholingana na upana wa mtutu wako. Unaweza pia kupanga kiwango cha baruti kulingana na bunduki ya zamani, ambayo mara nyingi hupiga vizuri zaidi chini ya kiwango cha juu. Fuata jedwali lililochapishwa na mtengenezaji wa baruti au vichwa, anza na kiwango cha chini, na usichukue namba kutoka kwa mtu usiyemjua.

Kwa maganda ya .303, ukikaza shingo tu badala ya ganda zima, na ukayatumia kwenye bunduki moja pekee, yataishi muda mrefu zaidi. Chemba za Lee-Enfield ni pana kwa makusudi ili zipokee risasi zenye matope.

## Ubao

Skrubu za ubao zikazwe kiasi gani?

Zikazwe hadi zikae imara, kila mara kwa nguvu ileile. Skrubu iliyolegea ni sababu ya kawaida sana ya bunduki iliyopiga vizuri mwezi jana kutawanya leo, kwa kuwa mbao husinyaa hewa inapokauka. Kwenye Mauser na Mosin kaza ya mbele kwanza, iliyo karibu na chemba, kisha ya nyuma. Ukiwa na ufunguo wa kupima nguvu, andika namba unayotumia. Usipokuwa nao, piga alama ndogo ya penseli kwenye karatasi yako ya kumbukumbu kuonyesha mfereji wa skrubu ulipoelekea.

Zikikazwa na bado mwili wa bunduki unacheza ndani ya ubao, soma jibu la epoksi hapa chini.

Mtutu uachwe huru usiguse ubao, au ubanwe?

Hapa ushauri wa bunduki za kisasa huwapoteza watu wengi. Bunduki ya kisasa hupendekezwa mtutu huru kuanzia chemba hadi mwisho. Bunduki nyingi za jeshi zina mtutu mwembamba na ubao unaofika karibu na mdomo, na zilibuniwa zikiwa na mguso maalumu. Lee-Enfield No. 4 inataka ubao uusukume mtutu juu karibu na mdomo kwa nguvu ya takriban paundi 3 hadi 5, yaani kilo 1.4 hadi 2.3. Kwenye SMLE, Lee-Enfield ya zamani zaidi, kazi hiyo hufanywa na kijiti chenye springi. Ukichonga ubao wa bunduki hiyo ili mtutu uwe huru, mara nyingi unaiharibu shabaha, na mbao iliyochongwa hairudi.

Kinachotafutwa ni mguso usiobadilika. Paka rangi ya kukagulia au masizi chini ya mtutu, funga bunduki, ifungue, uone ilipogusa. Alama upande mmoja tu, au zinazohama kila unapofunga, ndizo mbaya. Pete za chuma zinazobana mtutu na ubao zisiunyonge: ukifungua skrubu ya pete na mtutu ukaruka kando, umempata mwizi wako.

Jaribu kwanza kwa kitu kinachoondoka. Kipande cha kadi ngumu au cha kizibo chini ya mtutu, karibu na mdomo, hukuonyesha kwa dakika kumi kama bunduki yako inapenda kusukumwa juu. Kipande chembamba cha shaba chini ya mwili wa bunduki, pale skrubu inapopita, huinua mtutu kutoka kwenye sehemu inayougusa vibaya. Makundi yakipungua kwa majaribio hayo, ndipo ufikirie kitu cha kudumu, na mara nyingi hutahitaji.

Epoksi inasaidia lini?

Pale ambapo ubao umelika, umepasuka au umeloa mafuta, na mwili wa bunduki unarudi mahali tofauti kila baada ya teke (msukumo wa nyuma wa kufyatua). Sehemu muhimu ni nyuma ya jino linalopokea teke. Kwenye Lee-Enfield, ni zile nyuso mbili za ubao za nyuma zinazoegemea mwili wa bunduki. Zikilegea, No. 4 haitulii hata ubadilishe nini.

Kausha mafuta kwenye ubao kwanza, maana epoksi haishiki juu ya mafuta. Chuma chote kipakwe nta nzito au dawa ya kuzuia kushikana, mashimo yote na kona zinazoweza kufunga zizibwe kwa udongo wa kuchezea, kisha tandaza epoksi mahali panapohitajika tu. Acha nafasi ndogo mbele, chini na kando ya jino la teke, iliyofunikwa kwa utepe, ili jino liegemee upande wa nyuma peke yake na bunduki iweze kutoka. Anayesahau nta analala na bunduki iliyogeuka kuwa kipande kimoja na ubao.

Hii haiondoki kirahisi. Kabla ya kuanza soma swali la thamani ya ukusanyaji mwishoni.

## Triga

Triga ni nzito na inakwaruza. Nifanye nini?

Safisha kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya huo mkwaruzo ni grisi iliyokauka na kutu. Kisha tazama kama triga yako ni ya hatua mbili. Mauser, Lee-Enfield na K31 zina mvuto mrefu mwepesi, halafu ukuta, halafu kufyatuka. Ule mvuto wa kwanza ni wa makusudi. Jifunze kuumaliza mapema na kungoja kwenye ukuta.

Nyuso zinazoteleza zinaweza kung'arishwa kwa jiwe laini sana bila kubadilisha pembe wala kuondoa chuma cha maana. Pembe ya jino linaloshika pini isiguswe nyumbani. Ngozi ya ugumu juu ya chuma hicho ni nyembamba, na ukiivuka triga itaonekana tamu kwa wiki chache kisha ianze kuachia yenyewe. Triga ya Mosin ina tatizo lake: haina springi ya kuirudisha, hivyo hucheza mbele na nyuma. Kuna triga kamili za kubadilisha, na ya zamani huhifadhiwa.

Baada ya kazi yoyote kwenye triga, jaribu bunduki ikiwa haina risasi: funga bolti kwa nguvu mara nyingi, gonga kitako kwenye mpira mzito sakafuni, jaribu kufuli ya usalama kwa kuvuta triga na kisha kuifungua. Pini ikianguka hata mara moja, bunduki haiendi uwanjani.

## Vilengeo

Mbona inapiga juu sana kwa mita 100?

Kwa sababu haikutengenezewa mita 100. Kilengeo cha Gewehr 98, Mauser ya Kijerumani, ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kinaanzia mita 400, cha m/96 ya Uswidi kinaanzia 300, na kilengeo cha kugeuza cha No. 4 kina yadi 300 na 600 tu. Bunduki haina kosa. Unahitaji kilengeo cha mbele kirefu zaidi, au kulenga chini ya duara.

Nitajuaje kilengeo kibadilike kwa kiasi gani?

Zidisha umbali wa kosa kwenye karatasi kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa kipimo kimoja. Mosin 91/30 ina milimita 622 kati ya vilengeo. Ikipiga sentimita 20 juu kwa mita 100, hesabu ni 200 mara 622, gawanya kwa 100,000, jibu ni milimita 1.24. Kilengeo cha mbele kinahitaji kuongezeka urefu huo.

Njia nzuri ya majaribio ni kuvika ncha ya kilengeo kipande cha ganda la plastiki la waya mwembamba wa umeme, kirefu kuliko inavyohitajika, kisha kukipunguza kidogo kidogo kwa wembe uwanjani hadi risasi zitue. Lee-Enfield ina bahati: vilengeo vya mbele vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, kwa hatua za inchi 0.015, karibu milimita 0.38, na hubadilishwa bila kuchonga kitu.

Kushoto na kulia je?

Kilengeo cha mbele hufuata kosa. Risasi zikitua kushoto, kisogeze kushoto. Cha nyuma hufanya kinyume: kisogeze upande unaotaka risasi ziende. Tumia kifaa cha kusukumia chenye skrubu badala ya nyundo, na uweke alama ya penseli ulipoanzia.

Nifunge darubini?

Darubini haipunguzi mtawanyiko wa mtutu. Inampunguzia mlengaji kosa la jicho. Kwa mwenye macho yaliyochoka faida ni kubwa. Chagua kitako cha darubini kinachokaa mahali pa kilengeo cha nyuma bila kutoboa. Kinakuwa mbele, hivyo kinahitaji darubini ya kushikwa mbali na jicho. Kilengeo cha nyuma cha tundu dogo ni suluhisho la katikati ambalo wengi hulisahau.

## Hali za pekee

Kuna ukweli kwamba Mosin hupiga sawa ikiwa na singe?

Ndiyo. Vilengeo vya 91/30 viliwekwa sawa ikiwa imefungwa singe, na vya M44, Mosin fupi yenye singe ya kukunja, ikiwa imeifungua. Singe hubadilisha mtetemo wa mtutu, kwa hiyo ukiitoa risasi huhama, na kiasi hutofautiana kati ya bunduki na bunduki. Amua utafyatua kwa namna gani, kisha sogeza kilengeo cha mbele kwa hali hiyo.

Risasi ya kwanza huenda kando, zinazofuata ziko pamoja. Kwa nini?

Mara nyingi ni mafuta yaliyobaki mtutuni. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kufyatua. Kama kundi linatambaa kuelekea upande mmoja kadiri mtutu unavyopata joto, shida iko kwenye mguso wa ubao, na jibu la mtutu huru hapo juu linahusika. Pumzika kati ya risasi hadi mtutu ushikike kwa mkono.

Garand inahitaji uangalizi gani tofauti?

Usiilishe risasi yoyote ya .30-06 ya kuwindia. Baruti zinazoungua polepole pamoja na vichwa vizito huongeza shinikizo kwenye tundu la gesi, na fimbo inayoendesha bolti huweza kupinda. Tumia risasi zilizotengenezwa kwa ajili yake au kizibo cha gesi kinachorekebishika. Kwa shabaha, angalia silinda ya gesi isicheze mbele ya mtutu, na kilinzi cha triga kifunge kwa kukaza kweli, kwa kuwa hicho ndicho kinachobana mwili wa bunduki kwenye ubao.

Kuna bunduki ambazo hazipaswi kuboreshwa kabisa, wala kufyatuliwa?

Zipo. Springfield M1903 zenye namba chini ya 800,000 kutoka Springfield Armory, na chini ya 285,507 kutoka Rock Island, zilipashwa moto kwa njia iliyoacha baadhi ya miili ikiwa minyepesi kuvunjika. Jeshi la Marekani lilibadilisha njia hiyo mwaka 1918. Haiwezekani kuitambua mbovu kwa macho, hivyo ya namba hizo ikae ukutani.

Mauser za Kijerumani za mwanzo, zile ambazo hazikubadilishwa, zina mtutu wa inchi 0.318 kati ya mifereji, wakati kichwa cha baadaye cha 7.92x57 ni 0.323. Mtutu usiojulikana upimwe kwanza, kama ilivyoelezwa kwenye sehemu ya risasi.

Nitaboresha bila kuharibu thamani ya ukusanyaji?

Gawa kazi katika makundi mawili. Kusafisha, kuchagua risasi, kukaza skrubu, kadi chini ya mtutu, vipande vya shaba na kilengeo cha mbele cha kubadilisha, vyote hurudishwa. Kutoboa, kuchonga ubao, epoksi, kukata mtutu na kupiga rangi havirudi. Kwa bunduki yenye namba zinazolingana na ubao wake wa asili, baki na kundi la kwanza. Tazama hata chini ya bamba la kitako cha K31: mara nyingi utakuta kipande cha karatasi chenye jina la askari aliyepewa bunduki hiyo. Kiache pale.

Kama unataka epoksi na darubini, tafuta bunduki ambayo mtu mwingine alikwisha kuikata ubao na kuitoboa miaka mingi iliyopita. Ni za bei nafuu kuliko nzima, mitutu yake mara nyingi ni mizuri, na hakuna historia utakayofuta.

Nimefanya yote haya na bado kundi ni la sentimita 20.

Kwa hali hiyo mtutu umechakaa kwenye koo la chemba (pale mifereji inapoanzia), umepinda, au upana wake hauna kichwa kinacholingana nao. Fundi anaweza kuangalia koo kwa kamera nyembamba na kukuambia kwa dakika chache. Mtutu wa kubadilisha wa aina ileile, ukiupata, ufungwe na mtu mwenye geji, na nafasi ya chemba ipimwe upya kama siku ya kwanza. Usijaribu kuunyoosha mtutu kwa kuugonga, wala kuusaga kwa risasi zilizopakwa mchanga: dawa hiyo hupanua tundu ambalo tayari lilikuwa pana.